Kitabu Alichokisahihisha Bibi Krantz

Baba yangu, Alden Rasmusson, alikuwa fundi bomba mjini Lander, Wyoming, na alipenda mno vitabu vyenye sahihi. Si vya waandishi wenye majina. Alivitafuta vile ambamo mchunga ng'ombe fulani, meno yakiwa yamemwisha, aliandika kumbukumbu za enzi ambazo nchi yetu haikuwa na seng'enge, akachapisha nakala mia mbili kwa pesa zake, akazitia chache sahihi yake. Kila Jumamosi ya kiangazi tulipanda pikapu, mimi na yeye tu, tukaenda minadani kwenye mashamba ya marehemu. Mpaka leo nikinusa karatasi kuukuu namsikia: "Lorna, fungua polepole."

Mwaka 1968, ndani ya sanduku la vitabu vya mapishi, alikipata alichokisaka miaka kumi na moja: kumbukumbu za Harlan Tisdale, aliyenusurika theluji kubwa ya 1887. Ukurasa wa kwanza uliandikwa kwa wino: "Kwa Ottilie mdogo. H. Tisdale."

Tulipofika nyumbani Baba akauliza, "Yule bibi wa makao ya wazee kule Riverton, nilikotengeneza mabomba, si anaitwa Ottilie Krantz?"

Jumapili tukaenda. Bibi Krantz alikuwa na miaka tisini na moja, macho yamefifia lakini mdomo mzima. Baba alimwekea kitabu mapajani. Akalipapasa jalada kwa muda.

"Kaka yangu alikiuza nilipoolewa," akasema. "Wala hakuniuliza. Umekitoa wapi, kijana?"

Baba, mwenye miaka hamsini na saba, akacheka. "Mnadani, Bibi. Nimekuletea."

"Nifanye nacho nini, nami sioni vizuri? Nisomee."

Akasoma. Katika sura ya theluji, Tisdale alisimulia alivyobeba nyama mgongoni, peke yake, maili kumi na mbili, akawaokoa kina Ottilie na njaa.

"Mwongo huyo!" Bibi akapiga mkono wa kiti. "Harlan alikuwa amelala jikoni kwetu, vidole vya miguu vimeganda, analia kuliko mimi mtoto! Nyama aliileta mama mmoja wa Kiarapaho, wa wale wenyeji wa asili, na binti zake wawili. Walikuja mara tatu, na wao wenyewe wana njaa."

"Labda alisahau, Bibi."

"Alisahau! Alitaka kumwoa dada yangu, ndiyo maana akajipamba. Lete kalamu."

Nilimwona Baba akisita. Kitabu kile hakikuwa na doa hata moja. Kisha akatoa kalamu mfukoni, akamshikia ukurasa. Chini ya sahihi ya Tisdale, kwa herufi zinazopanda na kushuka, Bibi akaandika: "Nyama waliileta Waarapaho. O. Krantz."

Tulirudi kila Jumapili mpaka kitabu kikaisha. Bibi alibisha, Baba akaandika pembeni, mimi nikala pai ya tufaha. Sijawahi kumwona Baba akicheka vile tena.

Vuli ile alipita Bwana Prewitt, muuza vitabu wa Cheyenne. "Alden, nani kakuharibia kitabu? Kimechorwachorwa kama daftari la shule!"

"Mwenye kitabu," Baba akajibu, akakirudisha rafuni.

Bibi Krantz alifariki Februari. Theluji ilipoyeyuka, Baba alikichukua kitabu tukaenda Ethete, kwa Waarapaho, kuulizia habari za yule mama na binti zake. Nyumba ya tatu tulimkuta Lavina Littleshield akianika nguo. Akamsikiliza Baba hadi mwisho, kibanio mdomoni.

"Mmechelewa miaka themanini tu," akasema. "Jina silijui. Msimu ule bibi zetu walilisha watu wengi. Bibi yangu naye alikuwa na safari zake za kubeba nyama. Haya, ingieni, kahawa ipo."

Tuliingia. Alisimulia huku akikunja mashuka, na Baba hakuandika neno, alisikiliza tu, kofia magotini. Birika likajazwa mara ya pili. Siku ile kulikuwa na mnada kule Shoshoni, akausahau kabisa.