Kadi ya Neno Surely

Miaka kumi na moja nimechimba mizizi ya maneno ya Kiingereza kwa ajili ya kamusi yetu, neno moja kadi moja, mpaka miwani nimebadilisha mara tatu. Halafu shemeji yangu, mume wa dada na mhariri mkuu wetu, akaleta ukurasa wa jina la mtunzi: lake peke yake. Nilipolalamika akacheka.

"Kwani wewe si mpiga chapa tu, shemeji?"

Mpiga chapa! Mtu mwenyewe Kilatini hajui hata salamu. Dada akanisihi ninyamaze, eti mambo ya nyumbani yaishe nyumbani. Nikanyamaza, lakini nikaapa atanikoma.

Sisi watunga kamusi tuna desturi ya kuficha kadi moja ya uongo, ili mwizi akinakili ajulikane. Nikachomoa kadi ya kielezi surely. Ilikuwa safi: ukiondoa mkia wake wa Kiingereza, neno limepitia Kifaransa cha kale likitoka securus ya Kilatini, yaani se, "bila", na cura, "wasiwasi". Mahali pake nikaweka kadi inayosema limetokana na surela, mnara wa walinzi wa Kirumi. Hakuna neno kama hilo; nililitunga nikinywa chai. Mnara nikaupamba hasa, maana namjua, anapenda vya kung'aa.

Siku ya kamati ya kuidhinisha kamusi akasimama na tai mpya, akatafuta mfano wa kuwakoga wakubwa. Akauchagua mnara wangu! Alipomaliza, padri mzee aliyefundisha Kilatini maisha yake yote akauliza taratibu, "Hiyo surela umeisoma wapi, mwanangu?"

"Kwenye vitabu vya kale, padri."

"Kipi?"

Jasho likamtiririka mpaka kwenye tai. Nilifurahi, sifichi. Akanitazama kama anayetaka kunimeza, kisha uzalendo ukamshinda, akaninyooshea kidole mbele ya wote.

"Muulizeni huyu! Mimi sijaandika hata kadi moja! Zote kaandika yeye!"

Katibu wa kamati akainua kalamu. "Samahani, mhariri. Kadi zote?"

"Zote!" akafoka.

Katibu akaandika.