Wanawake wa Bafu la Juu

Tangu manispaa itangaze kwamba bafu la umma litabomolewa, Yeshimebet hakuwa mtu wa kukaa. Alishona mishono miwili mitatu, akaacha cherehani, akaenda mlangoni kuchungulia mteremko. Bafu lilikuwapo, mvuke ukipenya kwenye matundu ya kuba lake kama siku zote. Akarudi, akakaa, akainuka tena. Wiki ile mteja mmoja alipokea gauni lenye mkono mmoja mrefu kuliko mwenzake.

Bafu lile lilijengwa kwa mawe meusi juu ya chemchemi ya maji moto, enzi za wafalme. Wanaume waliogea upande wa chini, wanawake upande wa juu. Hakuna bibi harusi wa mji ule aliyeolewa bila kupitishwa pale, wala mzazi aliyejifungua asikandwe na yale maji. Sasa wakubwa walisema kuta zimechoka, na kwamba pangejengwa hoteli ya wageni kutoka Addis Ababa.

Yeshimebet alizunguka mji mzima kukusanya sahihi. Akaenda nazo kwa Bwana Girmaye, afisa wa majengo, aliyemkaribisha kwa upole wa mtu ambaye ameshaamua.

"Mama, kila nyumba siku hizi ina bomba," alisema.

"Bomba la kwangu linakohoa tu, Bwana Girmaye. Maji hayatoki."

"Tutalitengeneza."

"Litengenezeni kwanza, ndipo mje kubomoa."

Bwana Girmaye alicheka, akamsindikiza mpaka mlangoni. Sahihi zilibaki mezani, birika la chai limewekwa juu yake.

Jioni ile majirani walikutana kunywa kahawa kwa Bibi Askale, mkunga mstaafu aliyewapokea nusu ya watu wa mtaa ule walipozaliwa. Moshi wa ubani ulikuwa umejaa chumba. Yeshimebet alikizungusha kikombe mkononi bila kunywa.

"Wanabomoa kesho asubuhi," Bibi Askale alisema. "Katapila limeshapandishwa."

"La nani?"

Wanawake wakatazamana. "Kumbe hujaambiwa, mwanangu," bibi akasema. "La Dagne. Mdogo wako."

Yeshimebet aliinuka. Duru ya tatu ya kahawa, ile ya baraka, ilikuwa haijamiminwa. Huko kwao kuondoka kabla yake ni kama kumpa mwenyeji kisogo, lakini miguu ilishamfikisha nje.

Alimkuta Dagne kando ya katapila, akipaka grisi.

"Hukuona kazi nyingine duniani?"

"Shikamoo, dada," Dagne alisema bila kugeuka.

"Usiniamkie. Nijibu."

"Nikikataa hii, hawataniita tena hata kuchimba shimo la choo. Na nisipobomoa mimi atabomoa mwingine."

"Basi abomoe huyo mwingine. Mama alituogesha mle ndani, Dagne."

"Mama alituogesha hata kwenye beseni. Na beseni tulilihifadhi?"

Yeshimebet akageuka, akaondoka. Majibu yalimjia njiani, moja baada ya jingine, makali yote, na hakuwapo wa kuyasikia.

Usingizi haukumjia. Kulipopambazuka alikuwa akigonga milango. "Chukua taulo," aliwaambia. "Twende tukaoge."

"Leo? Si wanabomoa?"

"Ndiyo maana."

Wengine walimfungia mlango. Wengine walielewa, wakacheka, wakafunga khanga zao viunoni. Bibi Askale aliletwa akishikwa mikono huku na huku. Katapila liliponguruma mteremkoni, wanawake walikuwa wamejaa bafu la juu, wamevua, wamejipaka sabuni.

Mkuu wa askari alisimama nje ya mlango, uso ameugeuzia barabarani. "Mama zangu, tokeni kwa heshima."

"Tunaoga, baba," Bibi Askale akamjibu. "Kama una haraka, ingia utusugue migongo."

Kicheko kilipasuka ndani. Askari wale, wengi wao wametolewa tumboni kwa mikono ya bibi huyo, walitazama viatu vyao. Hakuna aliyeingia.

Kisha Yeshimebet akasikia sauti ya Bwana Girmaye. "Anza na upande wa wanaume. Kishindo kitawatoa."

Akangoja kusikia mdogo wake akikataa. Dagne hakukataa. Ukuta wa chini ukaanguka kwa mshindo uliotikisa sakafu. Vumbi likamwagika kutoka kwenye kuba, maji yakageuka matope. Wanawake wakapiga mayowe. Baadhi wakakimbilia mlangoni, nguo mikononi. Yeshimebet naye alitaka kukimbia, mwili mzima ukimwambia kimbia, lakini Bibi Askale hakuweza kukimbia. Akamkumbatia, akamfunika kichwa kwa mikono yake miwili.

"Dagne!" aliita. "Bibi yumo humu!"

Mngurumo ukaendelea kidogo, kisha ukafa. Kukawa na ubishi nje, Bwana Girmaye akifoka, na sauti ya Dagne ikirudia neno lilelile: "Siendi zaidi. Siendi zaidi."

Tangu siku ile wanawake waliogea mle kwa zamu, asubuhi mpaka jioni, mpaka wakubwa wa mkoa walipokuja kujionea. Wakaamuru upande wa juu usiguswe hadi uchunguzi ukamilike. Lini utakamilika, hakuna aliyesema. Upande wa chini ulibaki rundo la mawe, na wanaume wa mji wakaanza kunung'unika kwamba wake zao wamejiokolea wenyewe tu.

Dagne alikuja kwa dada yake baada ya mfungo wa kutokula nyama, amebeba kuku. Walikula sahani moja. Yeshimebet alimlisha tonge kwa mkono wake, kama ilivyo desturi yao, naye akalipokea, lakini macho yao hayakukutana.

"Uliniogopesha," hatimaye Yeshimebet alisema.

"Nilijua ukuta wa kati ni mnene."

"Ulijua, au ulitumaini?"

Dagne aliweka tonge chini. "Nilitumaini," akasema. "Na wakiniita tena, dada, sijui nitawajibu nini."

Yeshimebet hakumgombeza. Alimwongezea mchuzi, akanawa mikono, kisha akaenda mlangoni kutazama mteremko.