Mgongo Usiopitisha Mwanga

Taa iliwashwa nyuma ya ubao, na mwanga haukupita.

Nilidhani balbu imeungua. Nikalizunguka gari letu la udongo, mfano wa gari jipya, nikainama kutazama: taa ilikuwa ikiwaka kama jua la adhuhuri. Ila kati ya ukingo wa ule ubao mwembamba na mgongo wa gari nililolichonga kwa miezi mitano, hapakuwa na upenyo wa kupitisha unywele.

Katika karakana yetu ya usanifu, hapa Stuttgart, kuna ada ambayo hakuna aliyeiandika. Asubuhi ambayo wakubwa wanakuja kukagua umbo jipya, vigezo vya mbao, vilivyokatwa kwa umbo la migongo ya magari ya zamani, hutolewa ghalani, kimoja kimoja kikalazwa juu ya udongo, taa ikawekwa nyuma. Mwanga unaopenya ndio unaosema mtoto amefanana na babu zake kwa kiasi gani. Ukipenya mwingi mno, mtoto si wetu. Usipopenya kabisa, basi hukuzaa, umenakili.

Nami nilikuwa nimejigamba. Saa tatu, watu wakila mkate na siagi, nilisimama nikasema, "Vileteni vyote! Mstari huu haujawahi kuonekana chini ya jua."

"Haya, mungu mdogo," alisema Margit, mchongaji mwenzangu, shavu limemvimba kwa mkate. "Ukimaliza kuumba usisahau kupumzika siku ya saba."

Mzee Pfrommer, fundi wetu mkuu, hakucheka. Kwa miaka thelathini na sita alikuwa akilainisha mistari ya watu wengine, na mimi kwa ujuba wangu nilikuwa nimembandika jina: mlinzi wa makaburi. Alilijua. Hakuwahi kunikemea, na kwetu Waswabia, wenyeji wa Stuttgart, asiyekemewa ahesabu kasifiwa. Alishuka ghalani akarudi na vigezo sita vyenye namba. Vyote sita vilipitisha mwanga. Nikatabasamu. Ndipo akafungua cha saba, kisicho na namba, kilichofungwa kwa gazeti lililogeuka manjano.

"Na hiki," alisema.

Hicho ndicho kilichozuia mwanga.

"Veit," Margit aliniita, utani umemtoka. "Umeutoa wapi mstari huu?"

"Sijautoa popote! Nimeuchonga kwa mkono huu!"

"Na mkono huo umeshuka ghalani mara ngapi?"

"Hata mara moja! Funguo anazo mzee, muulize!"

"Hajashuka," alisema Mzee Pfrommer.

Niliunyakua ubao nikaugeuza. Nyuma yake paliandikwa kwa penseli: 1961. Chini yake, herufi mbili, G.P. Nilizisoma, nikazisoma tena, kisha nikamtazama Gotthilf Pfrommer kana kwamba ndiyo kwanza aingie mlangoni.

"Ni... ni wako?"

"Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Mkubwa wa wakati ule aliutazama kwa muda wa kuwasha sigara moja. Akasema paa hilo linafaa gari la kubebea maiti. Nikapewa kikwangulio niukwangue mwenyewe."

"Ukaukwangua?"

"Nikaukwangua. Ubao tu ndio niliousahau, makusudi."

"Miezi mitano unaniona nikiuchonga! Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungeuacha."

Kuitwa mwizi kungeniuma. Lakini hili lilinikata kwa ndani zaidi. Mahali nilipodhani nimefika wa kwanza, mtu niliyemdharau alikwishapita kabla sijazaliwa, akafuta nyayo zake kwa mkono wake.

"Dakika kumi wakubwa wanafika," Margit alininong'oneza. "Amua: uukwangue au uuache."

Nilishika kikwangulio. Milimita tatu tu, mwanga ungepita, na mstari ungekuwa wangu tena. Niliweka makali juu ya paa. Mkono ukagoma. Mstari ulikuwa mahali pake. Popote ningeusogeza, ungekuwa uongo.

Milango ikafunguliwa. Mkuu wa usanifu alilizunguka gari mara mbili, akaweka kiganja juu ya paa, akasimama.

"Mstari huu ni wa nani?"

Mzee Pfrommer alinitikisia kichwa kidogo: nyamaza. Miezi mitano yangu yote ilikuwa kwenye ncha ya ulimi.

"Wa Bwana Pfrommer," nilisema. "Tangu mwaka sitini na moja. Mimi nimeukuta njiani."

Mkuu aliinua kiganja kama aliyeungua. Kila uso ukamgeukia mzee. Masikio yalikuwa yamemwiva mekundu. Alisogea taratibu, akafumba macho, akapitisha mkono juu ya paa lote, kutoka mbele hadi mwisho, nasi tukasubiri.

"Hapa nyuma," alisema hatimaye, "hata siku ile nilikuwa na shaka napo."

Akaninyooshea mkono bila kunitazama, akitaka kikwangulio.