Malaika wenye Pamba Masikioni

Mtaani walimwita Brashi, mwanamke mchora mabango, kwa kuwa hapakuwa na duka wala kibanda cha kinyozi ambacho hakukipaka rangi. Mdogo wake alipojifungua kwa upasuaji, alilazwa wodi iliyopakana na nyumba ya ibada yenye vipaza sauti visivyojua kupumzika. Siku ya tatu, akiwa amechoka kumwona mdogo wake akiziba masikio ya kichanga, Brashi alichora malaika wawili wenye pamba masikioni, mmoja akimuuliza mwenzake: "Hivi hawajui tunawasikia hata wakinong'ona?" Akairusha picha hiyo mtandaoni.

Kabla ya jua kutua, picha ilikuwa imefika mbali kuliko alikowahi kufika mwenyewe. Wapo waliocheka hadi machozi, wapo waliomlaani yeye na kizazi chake. Viongozi wa nyumba ile wakamshtaki kwa kukashifu dini. Polisi wakachukua simu yake, na wateja wakaanza kupita upande wa pili wa barabara. Lakini kilichomchoma zaidi kilikuwa nyumbani. Mama mkwe wake, ambaye hakosi ibada katika nyumba ile ile hata akiwa na homa, aliacha kunywa chai iliyochemshwa na mkono wa Brashi.

Wakili alimshauri akiri kosa, aombe radhi, yaishe. Brashi alilitafuna neno hilo siku mbili, kisha akajibu kwamba kuwaomba radhi walioumia angeweza, tena kwa magoti, ila kukiri jinai asiyoitenda, hapana.

Mahakamani, mwendesha mashtaka alimwita shahidi wake wa mwisho. Aliyepanda kizimbani alikuwa mama mkwe.

Aliulizwa kama picha ile ilimuumiza.

"Iliniuma sana," alisema, bila kumtazama mkwewe. "Malaika si wa kuchezewa."

Mwendesha mashtaka akaketi, ameridhika. Wakili wa Brashi akasimama na swali moja tu: je, angependa mkwewe afungwe?

Mama akaweka sawa kitambaa chake cha kichwa.

"Kuumia kwangu tutakumaliza jikoni, mimi na yeye. Tangu nianze kusali, Mungu hajawahi kunituma nimtafutie askari. Na huyu hakumtukana mtu. Vile vipaza sauti vina kelele kweli. Hata mimi siku hizi nakaa viti vya nyuma."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Hakimu mwenyewe alijificha nyuma ya faili. Wiki iliyofuata akasoma hukumu: sheria humkamata anayechochea watu wawachukie waumini, si anayewakwaza kwa mchoro. Mshtakiwa hana hatia, arudishiwe simu yake.

Vigelegele vikapasua paa. Mama mkwe alipenya katikati ya watu, akamshika Brashi mkono, akamtoa nje kifua mbele kama anayemtoa bibi harusi. Wale wateja waliokuwa wakimkwepa sasa walisukumana kumpa pongezi.

Njiani mama alimwambia kwamba picha ile bado haipendi, na safari nyingine aonyeshwe kwanza. Brashi akasema atamwonyesha, ila hakuahidi kumsikiliza.

"Najua," alisema mama, akitabasamu kwa mara ya kwanza baada ya miezi minne. "Una kichwa kigumu. Ndiyo maana nilikukubali."