Jiko la Bi Zunilda

“Miti ya mume wangu haiguswi, Belisario! Liambie na hilo shoka lako.”

“Bi Zunilda, mimi na marehemu hatuna ugomvi. Februari moto ulikula ng’ambo yote ya mto, ukaona mwenyewe. Miberoshi hii imeegemea paa lako na langu. Ikishika moto, tumekwisha wote.”

“Toka lini wewe ukalionea huruma paa langu?”

Belisario akakuna shingo. Zunilda akajiambia: anayekuna shingo ana lake jambo.

Mwezi mzima alikuwa akimchungulia. Jirani alifyeka nyasi, akapogoa misonobari matawi ya chini, akahamishia kuni mbali, akamwaga changarawe kuzunguka kuta hadi nyumba ikabaki kama kuku aliyenyonyolewa. Mtu hajitaabishi hivyo bure. Shoga yake Otilia, aliyekuja kila jioni na habari za kijiji kizima, alikuwa na jibu tayari: “Anataka kuusogeza mpaka, shoga. Miti ikilala chini, nani atakumbuka waya ulipita wapi?”

Jumamosi asubuhi kundi la majirani likafika kwa Belisario na misumeno. Na Otilia yumo, ameshika panga, hata aibu hana! Zunilda akatazama dohani ya Belisario: haitoi moshi. Moyo ukamruka. Kule vilimani majirani wakija kusaidiana, anayesaidiwa ndiye anayepika. Ukishawapikia, umeikubali kazi, hakuna kurudi nyuma. Jiko la Belisario baridi. Yaani watu wote hao kamwitia yeye!

Akaumwagia maji moto wa chai yake, moshi usije ukamsemea kuwa amekubali. Kisha akajipenyeza katikati ya miberoshi kuutafuta waya. Kama umesogezwa hata shubiri moja, leo patachimbika.

Nje miti ilikuwa kijani kibichi. Ndani hakukuwa na jani hai hata moja. Vijiti vya kahawia, viota vilivyohamwa, takataka kavu zimefika magotini. Waya ulikuwepo, una kutu, umening’inia kwenye msumari wa marehemu mumewe, Anselmo, palepale. Akavunja kijiti, kikalia ta! Akakifikicha, kikawa unga. Akainua macho: ukavu ule ulipanda mpaka juu ya chumba anacholala.

Akatoka na majani kichwani.

“Umeuona waya?” akauliza Belisario.

“Waya gani? Nilikuwa natafuta mayai.”

“Kuku wako siku hizi wanataga mitini?” Otilia akaangua kicheko.

“Wewe msaliti nyamaza, zamu yako inakuja.” Akamgeukia Belisario. “Kuni zote ni zangu.”

“Zote, dada. Ila zikae mbali na nyumba.”

“Na pale patapandwa viazi. Nisikukute ukinichungulia nikianika nguo.”

“Sina macho mimi.”

“Unayo. Na bado sijakuamini.”

Akaingia ndani, akabamiza mlango. Majirani wakatazamana. Mara dohani yake ikaanza kutoa moshi, harufu ya vitunguu na mayai ikafuata, kisha kichwa kikachomoza dirishani.

“Belisario! Unangoja kadi ya mwaliko? Ingia ule. Na hilo shoka liache nje.”