Maoni Thelathini na Saba ya Birika

Uliiona. Usinigeuzie kisogo sasa. Siku ile unanunua birika, uliiona nyota moja imejibanza chini ya picha, ukaipita kama unavyompita ombaomba, ukakimbilia nyota tano. Basi leo kaa kitako usikie wengine walifutwaje, na nani aliyewafuta.

Aliyewafuta ni binti wa watu, mwenye adabu zake. Kazini walimwita Chujio. Alisoma maoni ya wateja wa duka la mtandaoni kabla hayajatokea hadharani, kwenye chumba cha meza kumi na mbili na feni moja inayolalama kama mgonjwa. Skrini yake ilikuwa na vitufe viwili: kijani cha kupitisha, chekundu cha kukataa. Matusi, nje. Namba za simu, nje. Maoni mia nne kwa zamu, na chai unakunywa huku unasoma.

Wiki yake ya kwanza, msimamizi, mwanamume mpole aliyezunguka na kikombe kitupu kutwa nzima, alimfundisha kanuni ya saba: maoni yahusu bidhaa tu. Yakimtaja aliyeleta mzigo, yakataliwe.

"Hata kwa neno moja?" aliuliza Chujio.

"Hata kwa nusu neno. Ila yakiwa na nyota tano, hizo ni pongezi. Usiwe mchoyo, ziache zipite."

Chumba kizima kilicheka. Chujio naye akacheka, tena kwa sauti.

Hakuchelewa kuijua siri ya kanuni hiyo. Mtu mwenye adabu haanzi na lawama. Hata akiungua, huanza kwa kushukuru: aliyeniletea alifika mapema, Mungu ambariki, ila birika hili limeniunguza. Hapo hapo, chekundu. Mwenye hasira naye alitukana, akaondoka kwa kanuni ya pili. Kati ya tusi na shukrani hakupona mtu.

Birika lenyewe lilikuwa la umeme, la chuma, lenye mshikio mweusi wa plastiki ulioshikwa na skrubu mbili fupi. Maji yakichemka plastiki inalainika, skrubu zinaachia. Hayo Chujio aliyajua kutoka kwa walioungua. Siku moja alijikaza akamwambia msimamizi.

"Kumbe umekuwa fundi wa mabirika?" msimamizi akamjibu. "Ipo idara ya ubora."

"Iko wapi?"

"Inaundwa."

Wakacheka tena. Yeye akarudi mezani kwake.

Jumanne moja alipita kumjulia hali shangazi yake, mshonaji, aliyemlea tangu darasa la tatu. Alikuta cherehani imefunikwa shuka. Mkono wa kulia wa shangazi ulikuwa umefungwa bandeji kutoka vidoleni hadi kwenye kiwiko.

"Shangazi! Nini tena?"

"Ajali haina kinga, mwanangu. Nimeinua birika, mshikio ukachomoka upande mmoja, likapinduka likanimwagia mkono wote. Daktari anasema vidole viwili huenda visikunjike tena."

"Birika gani?" Aliuliza, naye jibu analo.

"La dukani kwenu. Na si kwamba nilikurupuka. Nilivaa miwani nikasoma maoni yote, hakuna hata mmoja aliyeungua. Nikasema, pale yupo mwanangu, hawawezi kuniuzia uongo."

Chujio alitazama sakafuni, kwenye vipande vya uzi.

"Lakini sinyamazi," shangazi akasema. "Nimeshaandika, kwa mkono wa kushoto, herufi moja moja. Wenzangu wajue."

Kesho yake saa nne asubuhi, maoni hayo yalifika kwenye skrini yake. Shangazi alitoa nyota mbili, kwa sababu, aliandika, kuchemsha linachemsha haraka. "Namshukuru sana aliyeniletea mzigo, ni mtu wa heshima. Lakini jamani, mshikio wa birika hili hutoka. Mimi ni mshonaji na sasa sishoni. Msinunue."

Msimamizi alikuwa amesimama nyuma yake.

"Kanuni ya saba hiyo," alisema. "Unasubiri nini?"

Angeweza kusema, huyu ni shangazi yangu. Hakusema. Hakuwekewa panga shingoni, wala hakutishwa kufukuzwa. Alibonyeza chekundu, akaendelea na maoni ya mashuka.

Jioni simu ikalia.

"Mwanangu, maoni yangu siyaoni. Nadhani nimekosea kubonyeza, si unanijua mimi na hizi simu. Ngoja niandike tena."

"Usiandike, shangazi."

"Kwa nini?"

"Hukukosea. Mimi ndiye niliyeyafuta."

"Yangu tu?"

"Yako ni ya thelathini na saba."

"Kwa hiyo watu thelathini na sita walijaribu kuniambia." Hakufoka. Heri angefoka.

"Nisamehe, shangazi."

"Mimi nitakusamehe, wewe damu yangu. Lakini kuna mwanamke sasa hivi anasoma zile nyota. Huyo umwombe nini?" Akakata simu.

Saa mbili asubuhi Chujio aliyafungua yaliyokataliwa, akayapitisha moja baada ya jingine, yote thelathini na saba. Yalikaa hadharani mpaka saa sita. Kisha msimamizi aliyaona, akayafuta, akamfuta na yeye. Nyumbani kwa shangazi, Chujio alifungua ukurasa wa birika, penye mstari unaoonyesha mabirika yaliyouzwa leo, saa kwa saa. Wakati maoni yapo, halikuuzwa hata moja. Kufikia jioni yalikuwa yameuzwa tisa. Alizima simu, akashindwa kumtazama shangazi usoni.

Tisa kwa jioni moja, na bado yanauzwa. Kama liko jikoni kwako, lichomoe kwenye umeme kabla hujamaliza mstari huu. Shika simu, mpigie jirani uliyemsifia birika hili. Kisha rudi pale uliponunua uandike mshikio unavyotoka, wala usimtaje aliyekuletea. Wakifuta, andika tena. Na wewe uliyekaa mbele ya kitufe chekundu, mwanamke yule bado anasoma: ondoa kidole, uyapitishe sasa hivi.