Rafiki wa Kuteuliwa

Urafiki wa Mwatime na Sengo ulikufa siku Mwatime alipoteuliwa kuwa rafiki yake.

Nchi ya Ngurumia ilitawaliwa kwa ngoma. Wapigaji, watu wanene waliolala mchana kutwa na kula kwa niaba ya wengine, waliipiga kila asubuhi kwenye jukwaa la shule, ngoma kubwa kama ghala, mpaka mabati yakatetemeka na watoto wachanga wakacheua maziwa. Sheria ya kwanza ya nchi ilisema: ni marufuku mtu kuziba masikio yake.

Sengo alishindwa kuitii. Alikuwa mtoto asiyesema sana wala kumtazama mtu usoni, na sauti zilimwingia kama misumari. Zamani yeye na Mwatime walikaa nyuma ya jiko la shule wakipanga visoda vya chupa kwa rangi, kimya, wameridhika. Kisha Wapigaji wakasikia kwamba nchi za jirani huwapa watoto kama Sengo marafiki, nao wakataka sifa hiyo. Mwatime akavishwa utepe mwekundu. Kazi yake ikawa kumshika Sengo mikono ngoma inapolia, asizibe masikio.

Baba yake Mwatime akapewa shamba la mtoni. "Mshike vizuri, mwanangu," alisema. "Tunakula kwa mikono yako hiyo."

Akamshika. Sengo alipiga mayowe, kisha akazoea kulia bila sauti, kisha akawa akiuona utepe tu, anakimbia.

Siku ya wageni kutoka nchi za jirani, Mpigaji Mkuu alipanda jukwaani mwenyewe. "Leo mtaona urafiki unavyoponya," aliwaambia.

Mwalimu mkuu akamwinamia Mwatime. "Ukimwachia, utanitambua."

Ngoma ikalia. Sengo aliivuta mikono yake ndani ya mikono ya Mwatime kama kifaranga kilichonaswa. Mwatime akaiachia, na kabla Sengo hajaiinua, akamziba masikio kwa viganja vyake mwenyewe.

"We binti, unafanya nini?" mwalimu alimfokea sikioni.

"Sijaziba yangu, mwalimu. Nimeziba ya mwenzangu."

Mtoto wa nyuma akacheka, akamziba Mwatime. Naye akazibwa. Ikaenda hivyo safu kwa safu, ikafika kwa wazazi, ikafika kwa askari. Mpigaji Mkuu akazidisha nguvu, maana kuacha kungekuwa kushindwa. Akageuka huku na huku akitafuta wa kumziba yeye, asimpate. Wako wanaosema tangu siku ile hasikii kitu. Wako wanaosema anaisikia ngoma hata inaponyamaza.

Kesho yake sheria ikaongezwa maneno: wala ya mwenzake. Sengo akafukuzwa shule. Mwatime akafukuzwa. Shamba likachukuliwa, mahindi yakiwa bado mabichi, na baba yake hajasema naye tangu hapo. Mwatime alipokwenda kwa kina Sengo, bila utepe, alimkuta mlangoni. Sengo aliitazama mikono ya Mwatime, akaingia ndani, akafunga mlango.